Singa za Nyumbani Kwake

Fyaa.

Ni mlio wa fungu la singa, zile nyuzi za mkonge, likipigwa hewani mara moja, vumbi litoke, kabla halijalazwa mezani kupimwa. Praxeda Rafaeli aliusikia kwa miaka thelathini na mmoja, kutwa nzima, hata masikio yakaacha kuuhesabu. Lakini upo mmoja alioubeba peke yake mpaka uzeeni.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, wiki yake ya pili katika chumba cha kuchambulia singa, kwenye shamba la mkonge kusini mwa Tanga. Baba yake, aliyekuja kwa treni kutoka Kigoma kukata mkonge, alikuwa amechoka kiuno na kuhamishiwa kwenye uwanja wa kuanikia. Kila sehemu ya uwanja ilikuwa na kibao chake, na kila fungu liliingia ndani na kibao cha mwanikaji wake. Asubuhi ile likaja fungu la baba. Lilikuwa na madoa ya hudhurungi, dalili kwamba lilianguka chini likalala kwenye unyevu. Praxeda akaliona doa, akalikunjia ndani, akaliweka fungu kwenye rundo la daraja la kwanza.

Mzee Idarusi, msimamizi wao, alipita nyuma yake. Alilichomoa lile fungu, akalipiga hewani. Fyaa. Madoa yakafunguka mbele ya wasichana kumi na wanne.

"Za nani hizi?"

"Za baba."

"Basi si zako kupima." Akalipeleka rundo la chini kabisa. Kisha akatoa amri ambayo chumba kile kiliishi nayo hadi kilipofungwa: mtu hachambui singa za nyumbani kwake. Kuanzia siku hiyo kibao cha baba kilipelekwa meza ya pili, kwa msichana mwingine mgeni, Fakhria. Naye alikuwa na kaka uwanjani, na kibao cha kaka kikaja kwa Praxeda. Hivyo wakawa mashoga, kila mmoja akiwapa watu wa mwenzake daraja wanalostahili.

Sasa Praxeda ana miaka sitini na miwili, mjane, anaishi Nguvumali na binti yake Leticia, na ana kidonda.

Kilianza siku ya maandamano ya Ekaristi. Alitembea parokia nzima kwa viatu vya kufunika, akiimba sauti ya pili, na aliporudi nyumbani kuvivua, jiwe dogo likaanguka sakafuni. Alikuwa amelikanyaga tangu asubuhi asilisikie. Kisukari kilikuwa kimeumaliza mguu wake wa kushoto hisia zote za chini huku yeye akidhani ile michomo ya unyayoni imepona. Miezi minne baadaye vidole viwili vilikuwa vyeusi, na picha ilionyesha kwamba uozo umefika kwenye mfupa.

Dokta Mutasim wa hospitali ya mkoa ni kijana mpole, mwenye desturi ya kukaa kwenye kiti kabla hajasema jambo baya. Siku hiyo alikaa.

"Mama, njia ni tatu," alisema. "Ya kwanza, tuendelee kuosha na kufunga, na dawa za mshipa, tuone. Ya pili, nikupe barua uende Moshi wajaribu kuzibua mishipa ya damu. Huko kuna foleni, yaweza kuwa wiki sita. Ya tatu, tukate chini ya goti. Nikiulizwa mimi, ningekata. Lakini mguu si wangu."

"Tukiosha na kufunga, mwanangu, mguu huu unaouona wewe utapona?"

"Nataka kukwambia ndiyo. Siwezi. Kwa mfupa huu, ninaogopa utarudi na homa, halafu tukate juu ya goti. Au tuchelewe."

"Na nikikatwa, nitatembea?"

"Kwa mguu wa bandia, ukifanya mazoezi. Miezi kadhaa. Wewe si mvivu, naona."

"Nitakupa jibu Jumatano," alisema Praxeda.

Nyumbani jibu lilikuwa tayari kwa kila mtu isipokuwa mwenye mguu. Mwanawe mkubwa, Godlisten, fundi umeme huko Arusha, alifika Jumamosi mchana akiwa na jibu la Moshi. Leticia, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha kile kidonda asubuhi na jioni, alikuwa na jibu la kuosha.

"Mimi nimekiona kikipungua," alisema Leticia. "Wiki iliyopita kilikuwa kikubwa hivi, sasa hivi."

"Umekiona kwa sababu unataka kukiona," alisema Godlisten.

"Na wewe umekiona mara ngapi, kaka? Kwenye simu?"

"Moshi kuna mabingwa, Leti. Wewe na hiyo chumvi yako ya uvuguvugu—"

"Chumvi yangu imeufikisha mguu leo!"

Praxeda aliwaacha. Aliegemea ukuta, akafika nyuma ya mlango wa chumba chake, akaangua fungu la singa lililoning'inia hapo miaka kumi na miwili. Lilikuwa la daraja la kwanza, refu, jeupe kama maziwa, walilompa wenzake siku chumba kilipofungwa. Hakuwahi kuchomoa hata singa moja. Akaliweka mezani.

"Kaeni," alisema. "Leteni masinia matatu na kisu."

"Mama, tunapika?" aliuliza Godlisten.

"Tunachambua."

Akawaeleza. Kule chumbani hakuna aliyelitazama fungu akasema tu zuri, baya. Macho ya binadamu hulipenda fungu la mwisho kuliona, au la mtu anayemjua. Walianza na mambo ya kupimia, kabla ya fungu lolote kufika mezani: urefu, weupe, usafi, na lipi kati ya hayo lina uzito kuliko lenzake. Yakishakubaliwa, ndipo mafungu yaje, mawili mawili, ubavu kwa ubavu. Akawakataza kutaja Moshi, kuosha wala kukata mpaka atakapowaruhusu.

"Mambo kwanza. Mguu huu tunautakia nini?"

Leticia ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo. "Uishi."

"Uhai. La kwanza."

"Usiumie," alisema Godlisten. "Na usiwe mtu wa kulazwa kila mwezi."

"Maumivu. Kutorudi hospitali. Na langu mimi," alisema Praxeda, "ni kusimama."

Akakata singa vipande vya urefu wa kidole. Jambo likilishinda lenzake kidogo, lipewe kipande kimoja. Likilishinda sana, vitatu. Likilishinda mno, vitano.

"Kuna programu ya simu inafanya hivi hivi," alisema Godlisten. "Unaingiza tu, inakupa jibu."

"Na ikikosea utaipigia nani?"

Wakaendelea, Leticia akiuliza, mama akijibu, kila jambo dhidi ya kila jambo. Uhai na maumivu? Uhai, vitatu. Uhai na kutorudi hospitali? Uhai, vitatu. Maumivu na kutorudi? Maumivu, kimoja. Maumivu na kusimama? Hapo alifikiri, akakumbuka wiki ile goti lilipokuwa linawaka hadi anauma kanga. Maumivu, kimoja. Kusimama na kutorudi? Kusimama, vitano. Kusimama na uhai?

"Kusimama," alisema Praxeda bila kungoja. "Vitano."

"Mama!"

"Umeuliza. Weka."

Ndipo akaruhusu zile njia tatu ziingie, sinia moja kwa kila njia, na kila jambo likagawa vipande vyake kwa kadiri njia ilivyolisaidia. Kusimama, lililokuwa na vipande kumi, liliipa kuosha vipande saba, kwa kuwa ndiyo njia iliyouacha mguu mahali pake. Hesabu ilipokwisha, sinia la kuosha lilikuwa na vipande vinane, la Moshi sita, la kukata vinne.

Leticia alipiga makofi, kisha akayasitisha, maana mama yake hakucheka. Praxeda alikuwa akiyatazama yale masinia kama mtu aliyepewa chenji nyingi kuliko haki yake.

"Kila fungu lilipita mikono miwili," alisema. "Kesho mleteni Fakhria."

Fakhria alikuja Jumapili baada ya misa ya pili, kwa bajaji, kutoka Raskazone anakoishi na mwanawe Khalifa. Wazazi wake walikuwa na duka kule kambini enzi hizo, watu wa asili ya Omani waliouza sukari na vitenge kwa wakata mkonge. Duka lilipofilisika ndipo binti yao akaingia kuchambua singa kama wengine. Hata hivyo kutembea kwake hakujawahi kufilisika. Aliingia na buibui linalonukia udi na mkate wa kumimina kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama mkubwa," alisema Leticia.

"Marahaba mwanangu. Huu mkate wenu ninyi. Huyu asionjeshwe hata harufu." Akamgeukia Praxeda. "Ati umekuwa mganga, shoga? Unapiga ramli kwa singa?"

"Kaa, bibie. Nimekuitia kazi."

"Nimestaafu."

"Hata ulipokuwa kazini ulikuwa umestaafu."

Wakacheka wote wawili, kicheko kimoja cha zamani. Leticia akafunua kanga iliyofunika meza. Alikuwa ameacha kila kipande mahali pake, na karatasi yenye kila swali na jibu lake. Fakhria akavaa miwani, akainama. Akasoma taratibu, kidole kikitembea kwenye mistari. Kicheko kikamwisha usoni.

"Hizi za nani?"

"Zangu."

"Umechambua za nyumbani kwako."

Jana yote, Praxeda alipokuwa akiwapangia watoto kanuni, alikuwa amezikumbuka zote isipokuwa ile ya kwanza kabisa aliyofundishwa.

"Njoo hapa, Leticia, nikuonyeshe wizi wa mama yako," alisema Fakhria. "Hapa anasema uhai una uzito kuliko maumivu. Sawa. Hapa anasema maumivu yana uzito kuliko kusimama. Sawa. Basi uhai na kusimama, kipi kizito?"

"Uhai," alisema Leticia. "Lazima."

"Lazima. Lakini yeye kaandika kusimama. Na si kimoja, vitano! Fungu hili linazunguka. La kwanza linalishinda la pili, la pili linalishinda la tatu, la tatu linarudi kulishinda la kwanza. Kule kwetu likizunguka tulifanyaje, shoga?"

"Tulilifungua," alisema Praxeda.

"Tulilifungua. Maana ndani mna kitu kimekunjwa." Akavua miwani. "Kusimama ni nini?"

"Kusimama ni kusimama. Mtu na miguu yake miwili."

"Muongo."

"Fakhria."

"Muongo, mtu wa Kigoma wewe, kichwa chako kigumu tangu ulipokuja na rozari shingoni. Mimi ndiye niliyechambua singa za baba yako miaka tisa. Nikiona doa nalijua. Kusimama ni nini?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa akitwanga kitu, na kinu kilisikika mpaka kikanyamaza. Godlisten alitaka kusema, Leticia akamkanyaga.

"Baba," alisema Praxeda hatimaye. "Mwaka ule wa mwisho, alipopooza. Walikuwa wakimbeba kwenda chooni. Wanaume wawili, mchana, mbele ya kambi nzima. Miguu yake inaburuta. Yeye anawasalimia watu njiani, kama anakwenda kazini. Habari za asubuhi, habari za asubuhi." Akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Sitaki kubebwa."

"Ehe," alisema Fakhria, sasa kwa upole. "Basi hilo ni jambo jingine. Umelifunga pamoja na mguu. Tulitenganishe. Kuna mguu wako, huu, nyama na mfupa. Na kuna kutobebwa. Kimoja kimoja."

Wakaanza upya. Safari hii Praxeda hakugusa singa. Fakhria ndiye aliyezishika, akauliza kwa mpangilio aliouvuruga makusudi, na kila jibu lilipotoka haraka mno alilirudisha: "Sijasikia. Rudia." Mambo sasa yalikuwa matano, na maswali kumi. Uhai ukayashinda yote manne. Kutobebwa kukashindwa na uhai tu. Maumivu yakafuata, kisha kutorudi hospitali. Fakhria akavuta ile karatasi, akatafuta mzunguko. Hakuuona.

Uhai ulikuwa na vipande kumi na viwili, kutobebwa tisa, maumivu vinne, kutorudi hospitali vitatu.

Mahali palipoandikwa "mguu wangu" meza ilikuwa tupu.

Praxeda aliinama akautazama uwazi ule. Ni mguu uliomvusha mto Pangani akiwa na mimba ya Godlisten, uliosimama mezani kwa miaka thelathini na mmoja, uliocheza kwenye harusi yake hadi kisigino cha kiatu kikatoka. Haukuwa umelishinda jambo hata moja.

"Niuongezee kimoja?" aliuliza Fakhria. "Cha heshima tu."

"Usiongeze."

"Kimoja hakitabadili kitu, shoga."

"Lile fungu la baba nililipandisha kwa heshima. Usiongeze."

Njia tatu zikaingia. Uhai ukaipa kukata vipande saba, Moshi vinne, kuosha kimoja. Kutobebwa, lile jambo ambalo jana, likiwa limekunjwa, liliipendelea kuosha, sasa liliipa kukata vitano. Hii ni kwa kuwa daktari alisema miezi kadhaa na mguu wa bandia, na kuosha kulimaanisha kitanda bila mwisho unaojulikana. Moshi ilipata vitatu, kuosha kimoja. Vilivyobaki vikagawanyika. Fakhria akahesabu kwa sauti, kisha Leticia akahesabu tena, machozi yakimshuka bila yeye kuacha kuhesabu. Kukata, kumi na sita. Moshi, tisa. Kuosha, vitatu.

"Kwa hiyo mama yangu anakatwa mguu kwa sababu ya nyuzi," alisema Godlisten. Alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Nyuzi za magunia!"

"Keti, mwanangu."

"Siketi. Moshi imepata tisa. Tisa si haba. Tungojee hizo wiki sita."

"Piga simu uliza kama mfupa utangoja."

"Mama, usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii. Godlisten, nitazame. Jana hesabu ilipoangukia kwenye kuosha, nilipaswa kufurahi. Sikulala. Leo imeangukia kwenye kitu ninachokiogopa kuliko vyote, na mikono yangu haitetemeki. Hebu ishike."

Akamnyoshea mkono. Godlisten hakuushika mara moja. Alipoushika, alikaa.

"Kuna sharti," alisema Praxeda. "Nikitoka, hakuna wa kunibeba. Utanitengenezea vyuma vya kushikilia, kutoka kitandani mpaka chooni, ukutani kote. Wewe si fundi?"

"Fundi umeme, mama."

"Chuma kinakataa fundi umeme?"

Fakhria aliangua kicheko, akajifuta macho kwa pindo la buibui, akasema sasa anautaka ule mkate wake.

Jumatatu na Jumanne Godlisten alitoboa kuta. Alinunua mabomba ya chuma, akayapaka rangi ya bluu iliyobaki jirani alipopaka geti lake, akayafunga kwa urefu aliompima mama yake akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani, amekasirika kwa kupimwa kama dirisha. Mara mbili alikosea, akang'oa, akafunga tena. Leticia alikuwa bado akiosha kidonda asubuhi na jioni, kwa chumvi na maji ya uvuguvugu, polepole kuliko zamani. Jumanne jioni alipomaliza hakufunga bandeji mara moja. Aliushika unyayo ule kwa mikono yote miwili akakaa nao. Mama hakuweza kuisikia mikono hiyo. Aliiona tu.

Jumatano asubuhi walikwenda wanne. Hospitali kulikuwa na kiti cha magurudumu mlangoni. Praxeda alikitazama, akakipita akiwa ameshika bega la Leticia upande mmoja na la Fakhria upande wa pili. Alipoketi wodini alikuwa ametoka jasho mpaka kilemba.

Dokta Mutasim alikuja na fomu na kalamu nene nyeusi. Akavuta kiti, akakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia mmezungumza nyumbani." Akamtazama Godlisten, akamtazama Leticia. Wote wawili wakatazama chini. "Utaratibu wetu ni kwamba mgonjwa aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, mguu upi na mahali gani. Kisha nichore alama. Siruhusiwi kukusemea."

"Wala mimi simsemei," alisema Fakhria, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Praxeda alivuta shuka mpaka gotini. Katika kitanda cha jirani mgonjwa mmoja alikuwa akibishana na muuguzi kuhusu uji, na sauti zao zilikuwa juu. Alingoja zipungue. Hazikupungua. Akaweka kidole upana wa kiganja kimoja chini ya goti, pale ngozi ilipokuwa bado na rangi yake, akakibonyeza. Hapo alisikia. Daktari akainama, sikio karibu na mdomo wake, kwa kuwa maneno yalitoka kwa sauti ndogo mno.

"Wa kushoto, mwanangu. Hapa."